Shingo ya Bachisio

Kwenye kioo cha rangi, juu ya altare,
Mchungaji Mwema amevaa kanzu nyeupe pe,
mwanakondoo mabegani, safi kama hostia.

Baba yangu Bachisio,
anayenuka jibini hata siku ya Pasaka,
humtazama na kuchekea masharubuni:
"Huyu wa kuchorwa tu.
Kondoo ukimbeba kweli hukukojolea,
mkojo wa moto, shingoni hadi mgongoni,
na humtui. Umtue wapi? Theluji magotini,
zizi ng'ambo ya mlima."

Nilirudi Barbagia mwezi wa Februari
na mzigo wangu wa Torino.
Kwenye maungamo nilimmwagia Don Efisio yote,
hata lile la pete ya mama.
Alinyamaza kitambo. Nje mbwa akabweka.
Kisha akaniondolea, kwa sauti ya kukwaruza,
akaniuliza kama nimekula.

Nilitoka mwepesi, mkavu, nikiona haya,
maana yale yote yalikwenda mahali.
Nikainua macho.
Theluji ya paa ilikuwa ikiyeyuka:
tone lilipenya ufa wa kioo
likateremka, bila haraka,
ndani ya ukosi wa ile kanzu nyeupe.