Themanini na Saba

Ijumaa, baada ya kufunga kibanda cha simu pale Mwanga,
nilikaa sakafuni, Gungu, na kikompyuta changu
kisichozidi kipande cha sabuni ya mche,
nikakiambia: kesho tutasikia ziwa.

Programu ya redio haikuja imeiva.
Ilikuja mbichi, msimbo mtupu, faili elfu na ushei,
kama muhogo uliong'olewa na udongo wake:
uumenye, uuloweke, uuanike, uutwange mwenyewe,
ndipo uongee habari za ugali.

Nikaamuru: jenga.
Asilimia tatu. Kumi na moja. Arobaini.
Nikachemsha chai, nikasugua masufuria ya jana,
nikarudi: themanini na saba, na chini yake neno moja,
*Imeuawa.*

Haisemi nani kaua. Haisemi kwa kosa gani.
Neno tu, kama mtu aliyerusha jiwe juu ya bati akakimbia.

Mara ya pili, themanini na saba.
Mara ya tatu nikapiga bismillahi kwanza. Themanini na saba.

Mdogo wangu Ruhwanya, anayesomea umeme wa magari
na kwa hiyo anajua kila kitu,
akasema ni virusi.
Mama Evarista wa chumba cha mbele akasema ni jina:
"Kitu hujakipa jina, kitakutii vipi?"
Nikakiita Kigugumizi.
Kikafa palepale pa zamani, sasa kikiwa na jina.

Jumamosi nikaelewa jambo moja.
Nilikiamuru kijenge kwa mikono minne
kwa sababu kina mikono minne, na mimi nina haraka.
Lakini kumbukumbu yake ni chumba cha mpangaji mmoja:
wanne wakiingia na magunia yao,
mwenye nyumba anamnyonga mmoja ili wengine wapumue.
Basi, mkono mmoja.
Na pembe ya kadi nikaigeuza stoo,
mzigo unaozidi ukalale huko.
Nikakilaza juu ya mfuniko wa mtungi, kipoe tumbo.

Usiku kucha nilikuwa kando yake kama kando ya mtoto mwenye homa.
Nafumbua jicho: sitini na mbili.
Nafumbua: sabini.
Saa kumi na moja alfajiri, themanini na saba.
Themanini na nane!
Nikapiga yowe. Mama Evarista akagonga ukuta.
Tisini na moja,
kikazimika chote.

Hapo nililia kidogo. Siandiki ili nionewe huruma;
ni kwamba kilio kiliniinamisha kichwa,
na kichwa kilipoinama nikauona waya wa chaja:
mwekundu, mwembamba kama utambi.
Pembeni ya skrini kialama cha radi, cha njano,
kilikuwa kikimemeta tangu Ijumaa
nami nikidhani ni pambo.
Siku mbili nawalaumu walioandika msimbo, watu nisiowajua,
kumbe kitu kilikuwa na njaa.
Na waya ule nauuza mimi. Shilingi elfu mbili.
Nawaambia wateja, huu hauna shida.

Jumapili, kwa waya mnene wa kuazima: mia.

Nikapandisha antena ya shaba kwenye mwanzi, juu ya paa.
Kwanza mvumo tu, mafuta yakisubiri samaki.
Nikasogeza namba, nikarudisha, nikasogeza nusu.
Kisha mwanaume, katikati ya maji, kwa Kiswahili cha ng'ambo:
"Kibirizi, Kibirizi. Ule muzigo ya kitunguu, walishalipa?"

Kimya.
Akauliza tena, taratibu, kama anayejua jibu.

"Sijui, kaka," nikasema,
kwa sauti, peke yangu chumbani,
nikikiambia kitu chenye sikio kisicho na mdomo.

Jumatatu nimefungua kibanda.
Nyaya nyekundu zimebaki saba.
Nimezifunga kwa mpira, nimezisukuma chini ya meza.
Sijaamua.