Tola Tisini na Nne

Nilikwenda Mombasa na mizani yangu mwenyewe,
ile ya shaba, nimeiviringisha kwa kitambaa cha meza
ndani ya kikapu cha ukili.
Sonara haamini mizani ya mtu.
Bwana Dilawar alicheka mpaka miwani ikamshuka puani:
"Bi Mwanaesha, hapa hatuuzi vikuku."
Nikamwambia, weka.

Akaweka kwanza ile mpya, nyeusi,
mwili wake wa plastiki kama mpini wa pasi.
Tola hamsini na moja.
"Hii utaivaa usahau kama umeivaa.
Kina mama wote wanachukua hii."
Kisha, kwa kuwa jicho langu lilikuwa limeshapita nyuma yake,
akaitoa, shingo upande, ile ya chuma kitupu,
weusi umeliwa pembeni hata weupe unachungulia,
mbao za mpini zimeng'aa kwa jasho la kiganja
cha mtu nisiyemjua, labda marehemu.
Ina umri wangu, au zaidi.
Tola tisini na nne.

Hapo hapo niliamua,
ingawa nilikaa nusu saa nikijifanya nafikiri.

Miaka ishirini na sita nimeketi kaunta ile Malindi
nikipokea mikufu ya kuazima,
bangili za harusi zilizokuja na boksi zuri.
Kabla ya asidi, kabla ya jiwe la kusugulia,
mkono huniambia: hiki chepesi, hiki kinadanganya.
Vipi nimweleze Dilawar?
Kitu kinachoweza kutoa roho ya mtu
hakina haki ya kuwa chepesi.

Ndiyo, walikuja. Barani mpaka Maweni wanajua.
Walikuja magharibi, watu wamo msikitini,
Lali anashusha mlango wa chuma, umefika nusu.
Sitasema zaidi.
Mlango una alama. Nzaro, fundi wetu,
huipaka rangi kila Idi,
na kila Idi huikuta imerudi.

Basi kila siku, saa tisa, kabla benki haijafunga,
najifunga kibwebwe. Sitanii, kibwebwe hasa:
leso mbili za mavyaa, za zamani, zenye uzi mnene,
moja imeandikwa *Nimenyamaza, si kwamba sijui*,
chuma kimelala kati ya leso na mfupa,
buibui juu, mkoba begani,
hatua mia nne na kumi.

Haina raha. Inanichubua nyonga.
Nikipanda tuktuk, ipo.
Nikiinama kumbusu mjukuu, ipo.
Wakati wa sala naivua, naifungia kashani,
nasimama mbele ya Mola nikiwa mwepesi kwa dakika kumi,
kisha narudi kuubeba.
Zuwena anasema, Mama, umeanza kuchechemea.
Namwambia ni umri.

Juzi, nimetoka kununua ndimu,
nikasikia ndara zinanikimbilia nyuma,
pa, pa, pa, na mtu anapiga kelele, "We mama!"
Mkono ukaingia wenyewe.
Lakini kizito hakiruki.
Kimekwama kwenye fundo la leso, kinataka kuvutwa,
kinataka kuamuliwa,
na katika kuamua huko kijana akanifikia.
Muuza ndimu. Hata ndevu hajaota.
"Chenji yako," ananyoosha shilingi arubaini.
Akautazama mkono wangu ndani ya buibui.
"Tumbo linakuuma, mama?"
Nikasema, linauma.
Akaniongezea ndimu moja, ya dawa.

Usiku niliiweka tena kwenye mizani.
Nilidhani itakuwa imeongezeka.
Nikaweka mawe, nikayatoa, nikayaweka.
Tisini na nne, kamili.

Nikaifungia.
Nikaikata ndimu ya yule mtoto
nikaanza kusugua shaba,
upande mmoja, halafu wa pili,
mpaka vidole vikaanza kuwasha.