Kumfuata Mwenzi

Fomu ina mstari mmoja tu wa sababu,
mfupi, hautoshi hata jina la baba yangu.
Mwalimu Leokadia Ndalahwa ameujaza kwa wino wa bluu,
mwandiko ule ule anaofundishia la pili:
Kumfuata mwenzi, Nyamagana.

Mimi ndiye mkuu wa shule, hapa Maisome.
Najua hana mume.
Kisiwani hata kikohozi kina mwenyewe,
na mgeni wa mwalimu hujulikana
kabla mtumbwi haujafunga kamba.

Lakini mwenzi wake namfahamu.
Ni bomba.
Limesimama uani mahali fulani Buhongwa,
ukilifungua linakohoa, kisha linatoa maji
yasiyo na konokono wala kichocho.
Ni mlango wenye komeo la chuma:
huku kwetu wake aliufunga kwa kanga, miaka minne,
usiku akauegemeza dawati.
Ni choo asichopangia foleni na wanafunzi wake,
mtoto wa la tano akimwamkia
huku ameshika kopo.

Mwenzi ni benki ya kufikiwa kwa miguu.
Hapa mshahara huliwa njiani:
nauli ya injini, kitanda cha gesti, nauli ya kurudi,
siku mbili, watoto mia na thelathini na saba
wakikariri ubao wa juzi.

Mwezi wa nne, popo walipoangusha dari
juu ya chandarua chake,
niliandika barua wilayani. Nikaandika tena.
Nikajibiwa: endeleeni kuhamasisha jamii.
Jamii ikahamasika, ikatoa dagaa, madebe mawili.
Tukala.
Paa haliezekwi kwa dagaa.

Aliyemtangulia naye alimfuata mwenzi.
Yule mwingine hakujaza fomu yoyote;
siku hizi yuko Sengerema, anakopesha kausha damu,
na wateja wake ni walimu.

Nagonga muhuri. Kidau kimekauka,
naupulizia pumzi, nagonga tena,
unashika upande mmoja.
"Hongera, mwalimu," nasema.
Hacheki.
Ananirudishia kalamu,
na ufunguo wa stoo, na chaki saba
alizozihesabu mbele yangu.

Kesho la pili wataniuliza harusi ni lini.
Nitasema, karibuni tu.
Kisha nitageuka niandike tarehe ubaoni,
kwa moja ya zile saba.