Bolti ya Nne

Tsofa ameegesha mbele ya kibanda changu, Maweni,
kava ya ubavu wa kushoto imefungwa mpira wa tyubu
mara tatu, kama jino bovu lililofungwa uzi.
"Miezi saba hii yanipigia ngoma, fundi.
Abiria wa Gede waniuliza kama nimebeba masufuria."

Bolti ni nne. Tatu zimeshika.
Ya nne yazunguka tu,
haikazi, haitoki,
na ndani kule pete yake ya shaba yazunguka nayo,
zimegandana kwa chumvi ya hewa yetu hii,
na plastiki iliyoishika pete
imelika, imekuwa laini kama ufizi wa mtoto.

"Nani alikaza hii?"
Anaangalia kiatu chake.
"Niliogopa itaanguka. Nikakaza. Nikakaza tena."
Basi. Hesi haifi kwa kulegea peke yake,
yafa pia kwa mtu mwenye hofu na spana ndefu.

Vijana wa stendi wangemtilia gundi na magadi,
ifuke moshi, iwe jiwe, shilingi hamsini,
na bolti isitoke mpaka kiama.
Mwingine angeyeyusha kipande cha mtungi wa mafuta ya kupikia.
Plastiki si ukoo mmoja, nawaambia kila siku:
ya mtungi na ya pikipiki hazishikani,
zatazamana tu kama wakwe.

Mimi nilifunzwa na sonara.
Miaka minne nilipuliza mkaa wa Bwana Hansraj
na kupachika vijiwe kwenye pete za arusi za watu,
hadi macho yake yakaingia ukungu
na duka likawa la simu.

Nakata kichwa cha bolti, nang'oa pete kuukuu kwa koleo.
Nakwangua tundu. Nalijaza kwa plastiki
ya mkia wa pikipiki iliyokufa, ukoo ule ule,
natoboa upya, tundu dogo kuliko pete.
Pete mpya ina michirizo ubavuni kama ganda la nanasi.
Juu yake naweka ncha ya chuma cha kulehemu
na pumzi naizuia.
Sisukumi. Uzito wa chuma watosha.
Shaba yapata moto, plastiki yakubali,
pete yazama taratibu
kama kisigino kwenye tope la Sabaki.
Naondoa moto, nakandamiza kwa sarafu ya shilingi ishirini,
na Tsofa namtuma akale viazi karai,
asirudi kabla sahani haijaisha.
Hapa ndipo wengi huharibu: wajaribu ingali moto.

Bolti mpya. Grisi kidogo, kwa ajili ya chumvi.
Vidole viwili, kisha robo ya spana.
Akaondoka bila mlio hata mmoja.

Kesho yake sijafungua kufuli, yuko mlangoni.
Imeng'oka, nikadhani.
"Haijang'oka. Ni Nyevu, mwanangu.
Haoni tangu ile surua.
Zamani akiisikia ngoma tangu kwa kina Mbodze
ashafika langoni, mikono mbele.
Jana niliingia mpaka uani, yuko mkekani tu.
Nikamgusa bega. Akapiga ukemi kama ameshikwa na mwizi."

Naitazama kazi yangu. Imekaa sawa, hata ukucha haupiti.
"Ukitembea nayo imelegea italika tena," namwambia.
"Pengine mwaka. Lakini italika."
"Najua."

Nachukua spana. Nusu mzunguko, kurudi nyuma,
ile ya nne tu.
Anawasha. Twasikiliza, vichwa upande.
"Bado."
Robo nyingine.
Kata. Kata-kata. Kata.
"Hapo, fundi. Hapo hapo."

Alipokata kona nilifungua kopo,
nikachagua pete moja nzuri ya shaba,
nikaikunja kwenye karatasi ya gazeti
na juu yake nikaandika: Tsofa.