Tuliishia M

Herufi zangu zilikuwa zimefika M.
Irabu tano kwanza, kisha ba be bi,
jioni kwa jioni katika ghala la kahawa pale Bwera,
wanawake ishirini na wawili tumekalia magunia,
mwalimu Thembo akipiga chafya kwa vumbi la maganda
na kutuomba radhi, kana kwamba chafya ni tusi.
Baadaye ikawa tusi kweli.

Jina langu lote limo humo, kabla ya M:
Kabugho. Nililiandika kwenye unga, kwenye paja,
kwenye daftari la akiba, nikamrudishia mhasibu
kile kisahani chake cha wino wa kidole gumba.

Jumatatu moja nikakuta karatasi mlangoni.
Hakuwapo mtu wa kunisomea
na kwa mara ya kwanza sikumtaka.
Da. Kisha mgeni, a. Mgeni mwingine, a.
Darasa, nikabahatisha.
Li-me-fu
na hapo njia ikakatika.

Limefunguliwa? Limefungwa?
Yanaanza sawa maneno hayo, mapacha
wanaoachana njia panda.
Nikahesabu herufi za mkia. Zilikuwa chache.
Kufuli nililiona baadaye.

Mpaka nao ukafungwa, ndizi zangu zikaozea uani.
Mwalimu akawa mchota mchanga mto Lhubiriha.
Mjukuu wangu Ithungu, shule yake nayo kimya,
akanichorea N kwa mkaa nyuma ya mlango,
kisha P, kisha R. Kwenye T akasitasita:
mwaka wa pili ulikuwa umeingia
naye ameanza kusahau.
Tukawa tunakopeshana, bibi na mjukuu,
yeye za mwisho, mimi za mwanzo.

Ghala lilipofunguliwa
(neno refu, nililisoma lote)
tulirudi tisa.
Mwalimu mpya, kijana, barakoa kidevuni,
akaandika A, akageuka: "Semeni."
Wenzangu wakasema.
Mimi nikanyoosha mkono. "Tuliishia M."
"Mliishia na nani?"

Nikaenda ubaoni. T sikuwa na hakika nayo;
ilitoka imeinama
kama msalaba wa miti kwenye udongo mbichi.
Zilizobaki zikaja zenyewe, h, e, m, b, o,
za kwake, alizonipa kwa mkono wake.

"Yuko wapi siku hizi?"
Nikamrudishia chaki.