Asiye na Faili

Mwaka wa kumi na tisa huu ninatafsiri
Mahakama Kuu, Tabora.
Kiswahili kinaingia sikio la kulia,
Kinyamwezi kinatokea mdomoni.
Nimetafsiri mipaka ya mashamba, mahari,
ng'ombe mmoja mwenye alama mbili,
na mara kumi na moja nimetafsiri:
utanyongwa hadi kufa.

Hilo "hadi" hunikwaza.
Kana kwamba yupo aliyewahi kushukia njiani.

Leo ni Mihambo, miaka ishirini na mitatu.
Alimkodi Msabila pale Kiloleni, saa tatu usiku,
wakapatana elfu nne.
Pikipiki ilionekana Nzega, namba imekwanguliwa.
Msabila alionekana kabla yake, na mbwa.

Jaji akasema: iwe fundisho kwa wengine.
Nikawatafuta hao wengine.
Askari wawili. Karani mwenye mafua.
Nyanzala, mama wa marehemu, kiatu kimoja mkononi.
Wengine wenyewe hawakufika darasani;
walikuwa Urambo, siku ya malipo ya tumbaku,
wakitazama mfuko wa nani umevimba.

Mihambo akaniuliza, kwa lugha ya mama yake: Lini?
Sikuipeleka mbele.
Kamba imelala miaka mingi,
na mimi sitafsiri usingizi.

Asubuhi, mahabusu, nilikuwa nimemuuliza:
Ulijua kwamba kuna kitanzi?
Nilijua.
Na ulipolishika panga?
Niliwaza taa ya pikipiki. Ilikataa kuzimika.

Nyumbani nina daftari, mke wangu halipendi.
Nimeandika kila marehemu na mwezi wake.
Julai wanne. Agosti watano. Machi, njaa, hakuna.
Vifo vinafuata pesa ya tumbaku
kama yangeyange nyuma ya trekta.
Nimetafuta mwezi unaoiogopa hukumu,
wiki moja tu iliyotulia baada ya jaji kusimama.
Sijaiona.

Lakini daftari langu lina tundu.
Pengine huko Sikonge, usiku fulani,
mtu alivuta panga kutoka uvunguni,
akakumbuka shingo yake,
akalirudisha, akanawa miguu, akalala.
Huyo hana faili.
Hajaapa mbele yangu, hana shahidi,
mkewe alidhani ametoka kukojoa.
Wapo wangapi? Mmoja? Elfu?
Ningemtafsiri huyo bila posho.

Nyanzala amenisubiri ngazini.
Hakuuliza kama Mihambo atakufa.
Mdogo wake Msabila amekopa pikipiki, akasema,
tunalipa kila Jumatatu.
Wewe uliyesikia maneno yote, lugha zote mbili,
barabara sasa itapitika usiku?

Kwa Kinyamwezi sikupata neno.
Kwa Kiswahili nikapata hili tu:
Mwambie saa moja awe amesharudi.