Nafasi ni Tano

Paroko ametuma neno: maombi yasizidi matano,
misa ya kwanza isimezwe na ya pili.
Zamu ni yetu, jumuiya ya Mtakatifu Monika, Kayenze,
na mimi Venera, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka,
nimekabidhiwa kalamu.

La kwanza ni la Baba Mtakatifu, halina mjadala.
La mwisho ni la marehemu, nao hawana haraka.
Yamebaki matatu.

Skolastika, mkunga wa zahanati, hakungoja niketi.
"Andika walio tumboni. Hao hawawezi hata kubisha hodi.
Niliitwa nyuma ya gesti pale mwaloni, nikaoneshwa ndoo.
Sitawasimulia. Waandike mwanzo.
Nyumba isiyo na msingi, paa utaliweka wapi?"
Katekista Bulugu akaafiki, akanukuu waraka,
akapanga ngazi: yapo maovu yasiyo na *lakini*,
na yapo mambo ambayo watu wema huweza kutofautiana.
Alisema vizuri. Hata kuku walinyamaza.

Masalu, askari magereza mstaafu,
akavua kofia, akaiweka gotini.
"Mimi nilipeleka uji kwa waliohukumiwa kamba.
Mmoja wao aliua. Sikatai, aliua.
Kila asubuhi akiniuliza kama ziwa limetulia.
Mwandikeni na yeye, hata chini kabisa.
Wavu ni mmoja, jamani."
"Ni mmoja," akasema Skolastika,
"lakini hushoni popote tu. Unaanza
pale samaki wanapotokea."

Kabula akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno.
Mwanawe alikuwa amelala mapajani,
kofia pana imemfunika nywele za rangi ya mahindi mabichi.
"Huyu alikuwa tumboni, mkamwombea.
Akazaliwa, mkaniletea sabuni na sukari.
Tangu siku ile, nani amemwandika?
Mnasema msingi. Msingi mmeumwaga, asanteni.
Mimi nalala ndani ya nyumba isiyo na mlango,
kufuli tatu, na panga la marehemu baba yake chini ya mto,
kwa sababu yuko mtu, sijui wapi,
anayepiga hesabu ya mkono wa mwanangu."

Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika namba mbili,
nikaiacha bila maneno.

Muda wote huo Bibi Minza, mwenye nyumba,
alikuwa uani akigeuza sangara juu ya moshi.
Miaka arobaini ya moshi ule:
macho yake mekundu kama ya mtu aliyelia jana na juzi.
Mwezi uliopita alikuta karatasi mlangoni, neno moja tu: HAMA.
Sote tulijua. Hakuna aliyemtaja,
wala mimi, mwenye kalamu.

Akaingia, akajifuta mikono kwa kanga.
"Mkimaliza kupanga," akasema,
"naomba mmoja wenu anisindikize chooni. Giza limeingia."

Skolastika ndiye aliyenyanyuka, mwenye tochi.
Tukasikia kandambili zao zikivuka ua,
polepole, jozi mbili.
Katekista akafunga kitabu chake,
kidole kikabaki ndani.

Usiku niliandika sentensi moja, ndefu, bila nukta,
mkato baada ya mkato: asiyezaliwa, na mwenye kufuli tatu,
na mwenye macho ya moshi, na anayeuliza habari za ziwa,
nikaipa namba mbili. Namba tatu na nne nikaziacha wazi.

Jumapili msomaji aliishiwa pumzi katikati.
Sitasema alipumulia kwenye nani;
Bulugu na Masalu wangali wanabishania hilo.
Sisi tuliitikia, *twakuomba utusikie*,
wengine mapema, wengine wamechelewa.

Tochi haijarudi.
Usiku ule ule mkunga aliitwa Igombe,
mtoto ametanguliza miguu,
akaenda kwa mwanga wa simu
yenye chaji asilimia kumi na moja.
Tochi aliiacha kwa Minza, kwenye msumari,
karibu na mlango.